Mtungi Wenye Mfereji Shingoni

Huko Zolo, juu kabisa katika milima ya Gamo, mfinyanzi haingii kwa mkulima. Husimama nje ya ua wa mianzi, akaita, akatua mzigo wake, na mwenye nyumba akatoka kuuchukua. Chungu kinaingia ndani, kinapikiwa, kinalala jikoni na watu. Aliyekifinyanga anarudi zake kwao mteremkoni. Wakulima wenyewe husema mguu wa mfinyanzi ukikanyaga shamba la ensete, nyumba inapatwa na gome, laana ya mwiko uliovunjwa, na gome halina dogo: leo ng'ombe anakata maziwa, kesho mtoto anaumwa. Dinkite alizaliwa akaukuta mwiko huo. Hakuwahi kuupenda, wala hakuwahi kukaa chini akaulilia, maana kazi zilikuwa nyingi.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye viganja vipana na mdomo usioazima maneno kwa jirani. Ufinyanzi aliufundishwa na mama yake, na alipoolewa akafundishwa upya na mama mkwe wake, Shashe, kwa kuwa mke hufinyanga kwa mkono wa ukoo wa mumewe, si wa kwao. Mwaka mzima wa kwanza bibi yule alikuwa akimvunjia vyungu kwa mguu. "Hiki cha mama yako," anasema, teke. "Na hiki nacho cha mama yako." Siku alipokinyanyua kimoja, akakigonga kwa kidole, akakisikiliza, kisha akakirudisha chini kizima bila neno, Dinkite alikwenda nyuma ya nyumba akalia kwa furaha. Shashe mpaka leo hajui, au anajua na ameamua kunyamaza.

Fahari ya ukoo ule ilikuwa mitungi mikubwa ya pombe ya shayiri. Ilishuka sokoni mgongoni mwa wanawake, na mtungi wa Zolo ulijulikana kwa mlio wake. Kisha yakaja madumu ya plastiki, ya njano, mepesi, yasiyovunjika, na pombe ikahamia humo bila hata kuaga. Wanawake walioanza kazi pamoja na Dinkite wakaacha mmoja baada ya mwingine, wakateremka bondeni kupalilia migomba ya watu kwenye joto lisilozoeleka. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni; kwa Dinkite hata hilo gae lilikuwa linaelekea kukosekana.

Ndipo akaja Daktari Mihret wa chuo kikuu cha bondeni. Hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa amesomea namna chakula kinavyochacha, na kilichompandisha mlimani ni ensete. Ensete ni ndugu wa mgomba, ila ndizi zake si za kula. Sisi tunakula shina na mzizi. Wanawake hukwangua, hufukia shimoni juu ya majani, hungoja miezi. Mkate wake tunaupenda kuliko yote, lakini harufu ya shimo haifichiki, na ukiushusha mjini watu wanafungua madirisha. Nusu ya kilichofukiwa huozea humo humo. Mihret alikuwa amegundua katika maabara yake kwamba ensete ikifungiwa kwenye mtungi usioingiza hewa, huiva kwa wiki chache tu, nyeupe, bila ile harufu, na hakuna kinachopotea. Mkuu wa kilimo wa mkoa alishamwambia: ithibitishe majumbani, nami nitaagiza mitungi kwa vikundi vyote vya akina mama mlimani, na unga wetu utauzwa hadi kwenye hoteli za ziwani. Mitungi ya kujaribia ilikuwa imetoka ng'ambo, na mmoja tu ulikuwa na bei ya ng'ombe.

Kwa hiyo alikuja Zolo na karatasi. Dinkite aliigeuza huku na huku.

"Nani kakuchorea hiki?"

"Nimechora mwenyewe, mama."

"Inaonekana. Ukichoma kitu hivi shingo inapasuka kabla hujasema amina. Na huu mfereji unaozunguka shingo, wa nini? Wa kunyweshea kuku?"

Mihret akacheka. "Wa maji. Mfuniko unakaa ndani ya maji. Hewa ya ndani inatoka kwa kububujika, ya nje haiwezi kuingia. Wewe nifundishe shingo, mimi nitakufundisha mfereji."

Huo ndio uliokuwa mkataba wao, na hakuna aliyepiga muhuri. Mitungi ya kwanza ilipasuka. Ya pili ilivuja jasho, kwa vile udongo wetu ni mzuri kwa maji ya kunywa, unayapoza, lakini unapitisha. Mihret alibeba vigae kwenda navyo maabara, akarudi akasema udongo wa korongoni uchanganywe na ule mwekundu wa juu, na moto uchelewe kuzimwa. Dinkite akaongeza lake: akausugua mtungi kwa jiwe laini la mtoni, ndani na nje, mpaka ukang'aa. Mmoja alipima, mwingine aligonga na kusikiliza. Mvua kubwa zilipokatika walikuwa na mtungi ambao Shashe aliuzunguka mara mbili akiutafutia kosa, kisha akasema, "Mfuniko unaonekana kama kofia ya askari," na kwa Shashe hiyo ilikuwa sifa.

Mitungi mitatu ikaingia katika nyumba tatu za wakulima. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya walokole, wasiotaka hata kusikia habari za mambo ya mababu. Ya pili ilikuwa ya mama mmoja ambaye, Mungu amsamehe, angeweza kuona nyumba inaungua akasema nitaizima kesho. Ya tatu ndiyo ilikuwa nyumba hasa, kwa Amarech, mke wa Mzee Washe wa baraza la Zolo. Amarech anajulikana mlima mzima kwa mkate wake na kwa usafi wake. Dinkite aliutua mtungi langoni, akasema neno la kuaga, akageuka. Mkuu wa kilimo alikuwa amesema hataki hadithi: mitungi mitatu, mikate mitatu mizuri, ataagiza. Mmoja ukiharibika, asisumbuliwe tena.

Wiki zilipotimia, Mihret alishuka mteremkoni kwa miguu, na uso wake ulitangulia kutoa habari.

"Wa walokole umetoka vizuri, mama. Wa yule mwingine nao safi. Wa Amarech umeota ukungu."

"Mweusi?"

"Mweusi na wa kijani. Na unanuka."

Dinkite akaacha udongo. "Wanasemaje?"

"Mzee Washe anasema ni gome. Kwamba kazi ya mfinyanzi imeingizwa mno kwenye chakula cha watu."

"Na wewe unasemaje?"

Mihret aliinamisha kichwa, na hilo ndilo lililomchoma Dinkite. "Inawezekana mtungi ule una mahali unapitisha. Nasema inawezekana tu."

"Mimi nasema haiwezekani. Nataka niuone."

"Utauonaje, mama? Uko ndani."

Shashe alikuwa amekaa pembeni akisikiliza kila neno huku akijifanya kiziwi. "Mwache aende," akasema. "Akifukuzwa atarudi. Njia anaijua."

Wakapanda. Langoni Mzee Washe alikuwa ameketi juu ya kigogo, na fimbo yake katikati ya magoti. Dinkite akasimama pale wanaposimama wafinyanzi, akainama, akasalimu. Mzee akaitikia vizuri. Si mtu wa ukorofi, ni mtu wa desturi, na wakati mwingine hilo ni gumu zaidi.

"Nimekuja kuutazama mtungi wangu, mzee."

"Mtungi tutakutolea vipande vyake, mama. Hatuna ugomvi na wewe."

"Haujavunjika. Kwa nini mnitolee vipande?"

Kabla mzee hajajibu, Amarech alitokea mlangoni akijifuta mikono. Macho yake yalikuwa mekundu. Donge lililoozea mtungini lilikuwa la ensete yake mwenyewe, aliyoikwangua kwa mikono yake, na aibu ya kuozesha chakula mbele ya watu wa chuo ilikuwa haijamtoka.

"Mwache aingie," akasema.

"Mwanamke, unajua unachosema?"

"Najua, baba. Si mnasema gome limeshaingia? Basi limeshaingia. Halitazaliwa mara mbili."

Mzee Washe alimtazama mkewe, akautazama ua, akaitazama mbingu. Kisha akajinyanyua taratibu. "Mambo ya ensete ni ya wanawake," akasema. "Mimi nakwenda kumtazama ng'ombe." Na akaenda, ingawa ng'ombe alikuwa amefungwa palepale mbele ya macho yake.

Dinkite akavuka lango. Mlangoni aliinama akaingia gizani, na macho yalipozoea moshi, kitu cha kwanza alichokiona hakikuwa mtungi. Vilikuwa vyungu vyake. Vilikuwa vimepangwa kando ya moto, vikubwa kwa vidogo, vya miaka yote, vimepiga weusi kwa masizi, kimoja kinachemka kabichi. Alikuwa amefinyanga maisha yake yote na hajawahi kukiona chungu chake kikiwa kazini katika nyumba ya mkulima. Kile chenye mdomo mpana alikitambua mara moja. Alikichoma mwaka aliomzaa mwanawe wa mwisho. Alisimama pale akivitazama mpaka Mihret akamgusa mkono.

Mtungi ulikuwa pembeni, mahali pa heshima. Dinkite akapiga magoti, akaugonga kwa kidole. Ukalia. Akagonga kiunoni, akagonga chini, akagonga shingoni.

"Huu ni mzima," akasema. "Usikie mwenyewe, daktari."

Mihret akasikiliza. Akaondoa miwani, akashika kurunzi, akauchunguza inchi kwa inchi. "Ni mzima kweli," akasema. "Nisamehe, mama. Lakini mfereji mbona umekaribia kukauka?"

"Nimejaza asubuhi," Amarech akasema. "Naapa. Najaza kila asubuhi, na jioni unakuta yameisha. Nikadhani ndivyo unavyokunywa."

Dinkite akapitisha kidole ndani ya mfereji, polepole. Kwa nyuma, upande wa ukutani, kidole kikagusa kitu. Jani. Jani refu la nyasi mbichi, limelala chini ya mdomo wa mfuniko, ncha moja ndani ya mfereji, ncha nyingine inaning'inia nje, na kwenye ncha hiyo tone la maji linasubiri kuanguka. Mihret akaliona tone likianguka na jingine likianza, akakaa kitako sakafuni.

"Linanyonya maji," akasema, kama anajisemea. "Linayatoa nje tone kwa tone. Na hapo lilipolala, mfuniko haukai sawa. Hewa inaingia kama nyumbani kwake."

Kila mtu wa milimani anajua nyasi hizo ni za nini. Wazee wakipatanisha watu wanazishika mkononi; aliyebarikiwa huwekewa kichwani. Walokole hawaziweki, wanasema ni ushirikina. Yule mama mwingine alikuwa na nia ya kuziweka, ila alikuwa bado hajaenda kuzikata. Mtungi uliooza ulikuwa wa yule aliyeutunza kuliko wote, aliyekuwa akiamka na umande kila siku kuchuma jani jipya chemchemini na kulibadilisha.

"Ulikuwa unauombea mkate uive?" Dinkite akauliza.

Amarech angeweza kuitikia tu, na mambo yangeishia hapo. Lakini si mwongo.

"Hapana," akasema, akiangalia sakafu. "Nilikuwa naondoa mkono wako. Mama yangu alifanya hivyo kwa kila chungu kilichoingia kwake. Na bibi yangu. Wote tunafanya."

Dinkite akageuka akavitazama vile vyungu kando ya moto. Kumbe kila kimoja, kabla hakijapikiwa chakula, kilikuwa kimeoshwa kumwondoa yeye. Iliuma. Iliuma kuliko miaka yote ya kusimama langoni, kwa sababu ya langoni alikuwa ameyazoea. Akainuka, akatoka bila kuaga, akapita mbele ya Mzee Washe ambaye bado alikuwa anamtazama ng'ombe.

Nyumbani alimwambia Shashe. Bibi hakushtuka.

"Ulikuwa hujui? Mimi nimejua tangu nina meno."

"Na ukakaa kimya?"

"Ningesema nini, mwanangu? Chungu kilikuwa kinanunuliwa."

Mihret alikwenda kwa mkuu wa kilimo kumwombea mtungi ule nafasi nyingine. Alibishana naye mpaka sauti ikasikika nje, na mkuu akakubali, mara moja tu, na siku ya kufungua angekuja mwenyewe. Aliporudi Zolo kutoa habari alisema dawa ni rahisi: watamkataza Amarech nyasi.

"Hutamkataza," Dinkite akasema. "Atakuahidi mchana, ataweka usiku. Mimi namjua mwenye hofu. Nimekaa langoni kwake tangu utoto."

"Sasa tufanyeje?"

Dinkite alikuwa tayari ana udongo mkononi. Hasira yake ilikuwa bado nzima, lakini hasira nayo ina kazi ya kufanya. Alifinyanga mfuniko mpya, na juu yake, mahali pa kushikia, akaweka kirungu kizito kuliko cha kwanza, akakitoboa tundu kutoka upande huu hadi huu.

"Majani yake ataweka hapa," akasema. "Akitaka, aweke mzigo mzima. Ila mfereji ni wangu."

Mihret alikigeuzageuza kile kifuniko, akaanza kucheka, kisha akaacha kucheka. "Miaka minne," akasema, "tumekaa na wenzangu tunajadili namna ya kuwafanya watu wakubali mtungi. Hatukufikiria kuwa mtungi nao unaweza kuwakubali watu."

Siku ya kufungua, ua wa Amarech ulijaa. Mkuu wa kilimo alikuja na koti jeusi na viatu visivyofaa kwa matope yetu. Wakulima walikaa ndani ya ua, wafinyanzi walisimama nje, Dinkite akiwa mbele yao, viganja amevificha ndani ya shuka. Mtungi ulikuwa umetolewa hadi barazani. Juu ya mfuniko, ndani ya lile tundu, majani mabichi yalikuwa yamesimama, na mfereji umejaa maji hadi ukingoni.

"Haya, mama, tufungulie," mkuu akasema.

Amarech hakusogea. "Mwenyewe aje afungue."

"Mwenyewe nani?"

"Aliyeufinyanga. Amesimama pale nje na baridi."

Mama mmoja alivuta nguo yake karibu, mwingine akaguna. Dinkite alisikia yote, akavuka lango mbele ya macho ya mlima mzima, hatua za kawaida tu, kichwa juu. Akapiga magoti. Akaunyanyua mfuniko.

Harufu iliyotoka ilikuwa ya maziwa yaliyoganda vizuri. Ndani donge lilikuwa jeupe kama jibini. Mihret alifunika mdomo kwa mkono, na mkuu wa kilimo, mtu asiyetaka hadithi, aliinama akachungulia mtungini mpaka tai ikakaribia kuzama. Amarech alikanda, akafunga katika jani la ensete, akaoka juu ya gae palepale. Ulipoiva akaumega, na kipande cha kwanza hakumpa mkuu wala mumewe. Alimpa Dinkite, kisha naye akamega kutoka jani lilelile, wakala pamoja. Ulikuwa mkate mzuri. Mzee Washe alipelekewa wake mwisho wa ua. Akautafuna huku akitazama mawingu, na baada ya kitambo akauliza kama umebaki mwingine.

Mkuu akasema ataagiza. Akataja vikundi vya wanawake kuanzia Zolo hadi ukingo wa pili wa mlima, na nje ya ua wafinyanzi wakapiga vigelegele. Kabla mvua hazijarudi, wanawake wawili kati ya wale walioteremkia mashamba ya migomba walikuwa wamepanda nyumbani, wakiulizia kama udongo wa korongoni bado upo. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, watu walipokuwa wanatawanyika, Amarech alichomoa yale majani kwenye mfuniko, akamsogelea Dinkite, akamwekea kichwani, kama wanavyofanya wazee.

"Leo siondoi kitu," akasema.

Dinkite aliteremka na njia yake, hagusi kichwa, akiogopa upepo. Shashe alikuwa palepale alipomwacha, miguu amenyoosha, mtungi mpya katikati ya mapaja.

"Na wewe umetoka wapi na nyasi kichwani? Umekatia ng'ombe gani, nasi ng'ombe hatuna?"

"Nimewekewa, mama."

"Na nani?"

"Amarech wa Mzee Washe. Barazani kwake."

Mikono ya bibi ikasimama juu ya udongo. Alikuwa amewafinyangia watu wa Zolo tangu enzi za bibi zao, na paa zao alizijua kwa nje tu. Akajifuta viganja taratibu kwenye nguo yake.

"Inama," akasema.

Dinkite akainama, akidhani anataka kuyatoa. Shashe aliyapekua kwa vidole vyake vikavu, akachagua jani moja, akalichomeka kwenye kitambaa chake mwenyewe cha kichwa, akarudi kwenye mtungi.